Mistari Myeupe Juu ya Kyondo

Bwera, Kasese
Oktoba 2015

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Nakuandikia nikiwa mzima, nimekaa kwenye kigoda nje ya stoo ya kahawa. Mgongo unanilalamikia kidogo, lakini tumbo linakua vizuri, na huyo aliyemo anapiga mateke kama mpangaji aliyechoka na chumba. Mume wangu Bwambale ni mzima pia, anakusalimu. Wewe je, goti limepoa? Na kifua cha Mama kinaendeleaje na baridi ya huko juu? Nauliza kwa sababu Elia nikimpigia hunijibu "wote wazima" kwa haraka, nami sijui kama amehesabu watu au ameanza na mbuzi.

Elia mdogo wangu, wewe ndiye utakayemsomea Baba. Soma polepole, tena kwa sauti, wala usiruke pale ninapokusema.

Baba, ningekupigia, lakini mimi na wewe kwenye simu ni kupigiana kelele tu. Mimi nasema mvua imenyesha, wewe unauliza nani amekufa. Na jambo lenyewe safari hii si la kupigiana kelele. Elia ameniambia unataka kung'oa mibuni yote ya kihamba, shamba letu la ukoo, ile ya babu na ile uliyopanda mwenyewe mwaka niliozaliwa. Anasema umeona ile mistari myeupe ambayo ndege zinaacha juu ya mlima, ukasikia watu wakisema ni dawa inayomwagwa ili kubadili hali ya hewa, na kwamba ndiyo inayomaliza theluji ya Kilimanjaro. Ukasema huwezi kuendelea kulima chini ya anga lililoharibiwa. Kisha ukamwambia: "Muulize dada yako. Yeye anaishi chini ya mlima mwingine wa theluji. Akisema ng'oa, nang'oa."

Baba, nilikaa chini niliposikia hayo. Tangu nizaliwe hujawahi kuniuliza hata chai iwekwe sukari kiasi gani, leo unaniuliza habari ya mibuni! Nimeogopa kujibu ovyo. Kwa hiyo nakueleza yaliyotokea huku msimu huu, yote, kisha nitakujibu.

Unajua kazi yangu ni kupokea kahawa ya kikundi cha wakulima hapa Bwera. Magunia yakiletwa kutoka milimani, mimi ndiye ninayetia mkono ndani, nanusa, nauma punje, nasema hii ipite au hii irudi. Jumamosi hupanda Kyondo, kijiji cha huko milimani, kumwona mama mkwe wangu, Masika. Ndiyo, Masika, ulicheka sana siku ya posa kwamba nimeolewa kwenye mvua. Huku ni jina la binti wa kwanza, na ukiliita sokoni wanageuka nusu ya wanawake. Lakini Kyondo nzima ukisema Masika bila kuongeza kitu, wanajua ni huyu. Ndiye kiongozi wa akina mama wa kikundi. Akifunga kitambaa kichwani kwa namna mpya, Jumapili inayofuata kanisa zima limefunga hivyo hivyo.

Mlima wao ni Rwenzori, na una maringo kuliko wetu. Wiki nzima unajificha, halafu asubuhi moja unajifunua kidogo, ukimwita mwenzako aje kuona, umeshajifunika tena. Mama mkwe alinionyesha theluji ilipokuwa inafika alipokuwa msichana. Sasa pale ni mwamba mtupu. Na mwaka juzi mto Nyamwamba ulishuka Kasese mjini na mawe makubwa kama nyumba, ukabeba madaraja na makazi ya watu. Nakuambia haya, Baba, ili usidhani ninaoishi nao ni watu wa kuogopa kivuli. Mlima unabadilika mbele ya macho yao, wakauliza ni nani anayefanya hivi. Wewe umeuliza swali hilo hilo, na si swali la kijinga.

Jibu wakalipata redioni. Kuna kipindi cha jioni ambacho watu hupiga simu, na mtu mmoja akapiga akasema kwa Kiswahili chao cha huku: "Zile ndege beko namwanga dawa juu yetu. Banataka mvua iende kwabo. Na ile dawa ikishuka mu chakula, bamama hawatazaa tena." Basi! Kesho yake asubuhi anga likawa safi, ndege ikapita juu kabisa kuelekea Kongo, ikaacha mstari mrefu mweupe. Mama mkwe alikuwa shambani. Akatupa jembe akaja mbio kunitafuta mimi.

"Ingia ndani, mutoto wangu! Iko inapita! Hapana simama inje na tumbo!"

Nikaingizwa jikoni kama kuku. Tangu siku hiyo kila nikipanda Kyondo nina kazi ya kukimbia. Nikienda msalani ananifuata na mwavuli. Nilikasirika, unanijua, lakini pia moyoni nilifurahi, maana niko mbali na Mama yangu, na kumbe nimepata mwingine wa kunikimbiza.

Shida ni kwamba hakunifunika mimi peke yangu, alifunika na kahawa. Huku wanaianika ikiwa na ganda lake kwenye vichanja vya wavu, inakaa juani wiki kadhaa huku wanawake wakiigeuza kwa mikono. Sasa kila mstari ukionekana, wakawa wanaikusanya yote, mbichi na nusu kavu, wanairundika, wanaifunika kwa maturubai na mablanketi. Hata mikeka ya kanisa ilichukuliwa. Mstari ukichelewa kufutika, kahawa inashinda humo. Kwa vile Masika amefunika, nani atabaki hajafunika? Wewe ni mkulima, Baba, huhitaji kuambiwa kahawa mbichi iliyorundikwa ikafunikwa inakuwaje. Inatoa jasho, inapata moto, halafu inaota ukungu.

Magunia yakaanza kufika Bwera. Nikitia mkono, naunusa, unanuka kama viatu vilivyolowa. Nikarudisha moja, nikarudisha jingine, mwishowe nikawa narudisha karibu kila kitu kinachotoka Kyondo. Kisha likaja gunia nililolijua kwa mshono wake. Mama mkwe hushona mdomo wa gunia kwa uzi mwekundu, hakuna mwingine anayefanya hivyo. Nililiangalia muda mrefu. Nikatia mkono, nikanusa, nikalirudisha.

Baba, nyumbani kulikuwa na baridi siku hizo! Bwambale si mtu wa kugomba, yeye hunyamaza, na kunyamaza kwake ni kubaya kuliko ugomvi wa watu kumi. Akala, akanawa, akasema tu, "Umerudisha kahawa ya mama." Nikamjibu, "Nimerudisha ukungu. Kahawa ya mama bado sijaiona." Hatukusema tena mpaka asubuhi. Mnunuzi wa kahawa ya kikundi naye alikuwa ameshatuonya kwamba Kyondo ikiendelea hivi, msimu ujao atanunua kwingine. Kwa watu wa kule hiyo ndiyo ada za shule, ndiyo mabati, ndiyo kila kitu.

Ni mmoja tu ambaye kahawa yake ilipita: Biira, jirani wa mama mkwe. Huyu ni mjane, hana turubai wala blanketi la ziada, kwa hiyo kahawa yake ilibaki wazi chini ya mistari yote. Ilikauka vizuri, ikawa inacheza ndani ya ganda ukiitikisa sikioni. Unafikiri alipongezwa? Wakamwambia kahawa yake imenywa dawa, isichanganywe na ya wengine. Wakawa hawapokei hata maji kwake. Hilo ndilo lililonipandisha Kyondo siku ambayo haikuwa Jumamosi, na tumbo langu, nikihema kama mtu anayesukuma gari.

Nilimwomba afisa kilimo tufuatane. Ni kijana wa huku huku, mpole, ana subira ambayo mimi Mungu alininyima. Njiani akajiunga mwanajeshi mmoja wa kambini, mtu wa kaskazini, anayependa kununua ndizi Kyondo. Akasema yeye ndege anazijua, atawamalizia mjadala. Akina mama walikuwa wamekusanyika kwenye vichanja vya Masika, na afande hakungoja salamu ziishe.

"Nyinyi wamama, sikia! Mimi nimefanya kazi na ndege miaka mingi. Hiyo si dawa. Maliza maneno!"

"Afande," Masika akamuuliza taratibu, "ulifanya kazi gani na ndege?"

"Nilikuwa napikia marubani."

Wakacheka mpaka wengine wakashikilia vichanja. Afande naye akacheka, akaendelea na ndizi zake. Nilishukuru, maana kicheko kile kililegeza watu, na afisa kilimo akapata nafasi.

Akawauliza, "Asubuhi kule Mahango juu mu mlima, baridi ikiwa kali, mukipumua, hamuone moshi inatoka mu kinywa? Nani aliweka dawa mu kinywa yenu?" Akawaeleza kwamba injini ya ndege inatoa hewa ya moto yenye unyevu, na kule juu kuna baridi kali kuliko kilele cha mlima, kwa hiyo ule unyevu unaganda na kuwa wingu. Hewa ya juu ikiwa kavu, mstari unafutika upesi. Ikiwa na unyevu, mstari unakaa na kutanuka. Wanawake wakawa wanatikisa vichwa, naona wanaelewa. Nikasema moyoni, tumemaliza, twende tukale.

Mama mkwe akasimama. "Mwanangu, nakuuliza mbele ya Mungu. Kule ng'ambo, hakuna mutu anataka kuweka dawa mu mbingu ili ageuze jua?"

Nilimkazia kijana macho aseme hapana. Neno moja tu, hapana, twende nyumbani! Akavua kofia akasema, "Mama, siwezi kukudanganya. Beko wataalamu wanazungumza. Wanasema labda siku moja wamwage vumbi juu sana, ikinge jua kidogo, joto ipungue. Ile ni maneno tu, haijaanza. Bengine wanataka, bengine wanakataa kabisa, wanasema mvua inaweza kuharibika."

Hapo palilipuka. "Mumesikia! Amekubali mwenyewe!" Mmoja akaanza kuvuta turubai wakati hakukuwa na hata mstari angani. Nilitamani kumpiga yule kijana kwa ungo. Lakini mama mkwe alikuwa bado anamtazama, na uso wake haukuwa wa hasira.

"Sasa nakuamini kidogo," akamwambia, "kwa sababu haukuficha. Lakini hii inapita kila siku, utajuaje si ile?"

"Mimi sina ngazi ya kufika kule, Mama. Lakini kama ingekuwa ile, kahawa ya Biira ingekuwa imejaa ile dawa."

Baba, neno hilo lilinifungua akili. Nikaenda kwa Biira, nikaomba kahawa yake kiasi cha bakuli. Nikatwanga ganda kwenye kinu, nikapepeta, nikaweka sufuria kavu motoni nikaanza kukaanga kama unavyokaanga wewe, nikikoroga bila kuacha mpaka inalia. Harufu ikapanda kijiji kizima. Hapa lazima ucheke: wale wanawake wamelima kahawa maisha yao yote na karibu wote hawajawahi kuinywa. Wao ni chai na sukari. Wakasogea mmoja mmoja, wakidai wamefuata moto.

Nikaitwanga, nikaichemsha, nikamimina kikombe. Nikasema, "Hii imelala chini ya mistari yenu yote. Nitainywa mimi, na mtoto wangu tumboni, mbele yenu. Tusipodhurika, Biira aombwe msamaha na maturubai yatoke."

Nilikuwa sijatishika hata kidogo, nakuambia ukweli. Lakini kikombe hakikufika mdomoni. Mama mkwe alikishika, mkono wangu ukiwa bado unapanda. Kahawa ya moto ikammwagikia vidoleni na hakuiona. Kwangu kile kilikuwa kikombe cha kahawa, kwake kilikuwa sumu, tena sumu kweli kweli.

"Hapana na mujukuu wangu," akasema. "Kama iko na kitu, ianze na mimi."

Akainywa yote. Akafuta mdomo, akakunja uso vibaya, akasema, "Kali! Ndiyo hii bazungu banahangaikia?" Kisha akamsogelea Biira, akampa kikombe kile kile mkononi akamwambia amwongezee.

Siku ile alikaa mlangoni kwake akingoja kuumwa, na kijiji kizima kikingoja naye kwa kisingizio cha hili na lile. Mmoja amekuja kuazima chumvi, mwingine anatafuta mbuzi ambaye amemfunga mwenyewe. Mimi nilikaa karibu naye, nikamshika mkono, nikalia. Alinipenda kuliko nilivyojua, Baba. Kitu pekee alichoumwa ni kukosa usingizi, na asubuhi akaamka kabla ya wote, akaenda mwenyewe kuvua maturubai kwenye vichanja.

Sasa kahawa ya Kyondo inapita. Ile iliyooza imeoza, hatutaipata tena, ila iliyobaki mitini ilikuwa nyingi, na mnunuzi amekubali kungoja. Biira ameombwa msamaha kanisani, na mikeka ya kanisa imerudi ikiwa na madoa. Usidhani mama mkwe ameacha kutazama juu. Siku hizi akiona mstari unafutika upesi, anaanika kwa raha. Akiona umekaa na kutanuka, anasema huko juu kuna maji, leo tuwe macho. Mara anapatia, mara anakosea na anatulaumu sisi. Na alipiga simu kwenye kile kipindi cha redio kwa simu ya Bwambale, akasema: "Mimi ni Masika wa Kyondo. Kahawa ya inje nilikunywa, niko mzima. Lakini hao banaotaka kukinga jua, kabla ya kumwanga kitu, bakuje batuulize. Hapa pia iko mbingu." Mtangazaji akaweka wimbo.

Sasa nakujibu, Baba. Using'oe.

Sikuambii kwamba hakuna kinachoharibika. Theluji inapungua kwetu na inapungua huku, na mvua zimekuwa hazieleweki. Afisa kilimo anasema ni joto la dunia, la moshi wa magari na viwanda na hizo ndege pia, uliokusanyika miaka mingi, wala si dawa ya mtu mmoja. Huku wameanza kupanda miti ya kivuli katikati ya mibuni, wanafunika udongo kwa majani makavu, wanakinga maji ya mteremko. Haya mengi wewe ulinifundisha mwenyewe nikiwa mdogo. Mibuni yako imevumilia ukame na magonjwa na bei mbaya. Usiiadhibu kwa jambo ambalo haikufanya. Na hao wanaojadili jua letu siku wakija kuuliza, nataka wakukute shambani ukiwa na kitu cha kutetea.

Nisalimie Mama yangu, mwambie nikijifungua nitamtaka hapa, Masika ameshamwandalia kitanda. Nisalimie shangazi Anande aliyenilea mabegani, na babu mdogo mfuga nyuki, na mke wa Elia ambaye simjui ila kwa sauti yake kwenye simu, sauti nzuri. Wewe Elia, lile panga la Baba lifiche kwanza, mazungumzo baadaye.

Mama mkwe ameshuka leo kuleta magunia, amesimama hapa begani kwangu ananiuliza naandika nini kirefu hivi. Nimemweleza. Ameniambia niandike maneno yake kama yalivyo: "Ambia ule muzee, mimi nilikunywa nikijua ni sumu. Yeye anainywa kila siku na anajua ni tamu. Anaogopa nini?"

Binti yako akupendaye,
Ndeshi